Nguzo Zilizopikia Pombe

Wakati wa Mwingereza, kaka yangu wa baba mmoja alichoma nyumba yangu kabla sijaijenga.

Nilikuwa nimechumbia. Baba wa binti hakumung'unya maneno: "Nyumba isimame kabla ya mvua. La sivyo, mwanangu anaolewa na mwingine."

Uwanda wetu wa Ufipa ni nyasi tupu. Nguzo unazifuata bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Nilishuka peke yangu. Sikugusa mti mbichi. Nilitafuta mininga iliyokufa ikabaki wima, mchwa wamekula nje yote wakashindwa na kiini. Hicho kiini ndicho nguzo. Mwanangu aliyesoma ananiambia ndani ya mti kuna kitu kinachoshikamanisha nyuzi zake mpaka zinakuwa ngumu, kinaitwa lignini. Sawa. Mimi niliishia darasa la pili, nilikijua kwa shoka: linaruka, mkono unakufa ganzi.

Mwezi mzima nilizipandisha mlimani kwa bega, moja moja. Nyeusi, zimepinda, zina makovu. Nikazilaza nyuma ya nyumba ya mama, nikarudi bondeni kutafuta fito.

Kaka naye alikuwa anajenga. Aliita kijiji kumsimamishia nyumba, na kazi ya namna hiyo kwetu watu huifanya kwa pombe ya ulezi. Niliporudi nilimkuta anachochea moto chini ya mtungi. Kuni zake ni nguzo zangu.

"Kaka, hizo ni nguzo!"

"Nguzo?" Akawageukia watu. "Mnamsikia mdogo wangu? Anataka kumlaza mke ndani ya kuni! Kunywa, bwana, zimeivisha vizuri."

Wakacheka. Baba wa binti alikuwepo, naye akacheka.

Nikazitazama nguzo za kaka. Mbichi, nyeupe, zimenyooka kama rula. Nikaikwaruza moja, ukucha ukazama. Nilijua mwisho wake. Nikanywa pombe yake.

Mvua ilinikuta sina nyumba. Binti akaolewa kijiji cha pili.

Mwaka uliofuata nikajenga, kwa viini vingine. Mvua za tatu, nyumba ya kaka ikapiga magoti. Mchwa walikuwa wamebakiza ngozi ya nguzo tu. Akaja kwangu na mkewe na watoto, wamelowa chapachapa.

"Mdogo wangu, tusitiri."

"Shemeji, karibu. Watoto, nendeni motoni." Yeye nikamzuia mlangoni. "Wewe shuka bondeni."

"Kwa mvua hii?"

"Mke wako anakaa kwangu. Wangu anakaa kwa nani?"

Akashuka. Nguzo alizoleta nikazigonga kwa kisogo cha shoka, nikamwambia mbovu. Akarudi, akaleta nyingine. Mbovu. Hizo za pili zilikuwa kiini kitupu, hata mtoto angejua. Yeye mwenyewe alijua. Alinitazama, akachukua shoka, akashuka tena.

Padri aliwahi kuniuliza kama hilo nimeliungama. Nilimwambia nimeungama mengine.