Mama Kulwa na Mama Doto Wagombana Kwenye Utafiti Wangu

Nichekeni tu, maana mimi kulia nimeshamaliza. Nasoma stashahada ya maendeleo ya jamii hapa Mwanza, na utafiti wangu ni juu ya kina mama wa Pasiansi wanaowaachisha watoto kunyonya mapema. Msimamizi wangu aliurudisha mara mbili. "Nani kasema haya? Weka chanzo!" Ukirudi mara ya tatu, narudia mwaka.

Sasa ningezungukaje nyumba za watu, na mapacha wangu, Kulwa na Doto, wote wana homa? Nikakaa jikoni nikajihoji mwenyewe. Kwetu naitwa Mama Kulwa, ukweni naitwa Mama Doto, basi nikaandika kina mama wawili. Mama Kulwa akasema maziwa yalikauka. Mama Doto, mbishi huyo, akampinga: kisa ni kazi. Nikawagombanisha kurasa sita nzima, mjinga mimi, nikajiona msomi!

Juzi nikaitwa kuutetea mbele ya walimu watatu. Dada wa kazi alikuwa kaondoka, nikaingia na watoto wote wawili. Mwalimu mmoja, mama wa Kisukuma, akafurahi.

"Ubishi wa hawa kina mama umenikosha! Lete mtoto mmoja nikushikie, uongee vizuri. Anaitwa nani?"

"Doto, Madam."

Akambusu shavuni. Halafu akamtazama wa mgongoni, akaitazama karatasi yangu, akanitazama mimi.

"Mama Kulwa," akaniita taratibu, "na mwenzako Mama Doto umekuja naye?"