Kiti cha Sista Cherehani

Wodini walimwita Sista Cherehani kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Mama yake mzazi alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa bila makalio ya kukalia. Mumewe alishazoea kula peke yake mezani huku mkewe akizunguka na sahani mkononi, na nyumbani neno hilo lilikwisha zamani. Kazini ndiko lilikokuwa na kesi.

Wodi ilikuwa na vitanda thelathini na viwili, wauguzi wawili kwa zamu, na kipimo kimoja cha presha kilichofungwa plasta, ambacho wodi ya jirani walikiazima na kusahau kukirudisha kila siku. Kisipokuwepo, watu walirithisha: unatazama namba za alfajiri kwenye chati, unaziandika tena kwenye mstari wa saa nne, unapunguza hapa, unaongeza pale, zisifanane mno. Wote walifanya hivyo isipokuwa Cherehani. Yeye alikwenda kukigombania kipimo, akirudi anashika nyayo za wagonjwa mmoja mmoja kuona kama damu inafika, na chati zake zikawa za mwisho siku zote.

Matroni hakuwa mtu mbaya, ila alipenda karatasi zake mapema. Jumatatu alimwita.

"Dada, haraka haraka haina baraka. Ukizunguka hivyo unawatia watu wasiwasi."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, matroni."

"Ijumaa napeleka tathmini. Nikiandika huna utulivu, watakupeleka chumba cha mafaili. Nimekuwekea kiti pale mlangoni. Kikalie."

Chumba cha mafaili hakikuwa na dirisha wala mgonjwa. Cherehani alijiona humo mpaka kustaafu, akapata hofu ya kweli.

Alhamisi akakaa. Goti lilicheza chini ya meza. Kipimo, kama kawaida, hakikuwepo. Saa nne alivuta chati ya kitanda cha sita, cha mama aliyepasuliwa tumbo jana yake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akarithisha. Matroni alipita, akamwona ametulia, akatabasamu. Tabasamu lile lilimuuma kuliko karipio.

Alivumilia dakika kumi, labda kumi na mbili. Kisha akainuka, akaenda kitanda cha sita, akashika unyayo. Ulikuwa wa baridi.

"Nina kiu tu, mwanangu," mama yule alisema.

Mapigo yalikuwa yakikimbia na tumbo limekaza. Cherehani akaenda kumtoa daktari kwenye kikao. Damu ilikuwa inavujia ndani. Wakamrudisha mama chumba cha upasuaji, na saa nane habari ikaja kwamba ametoka, yu hai.

"Umemuwahi," daktari alimwambia. Halafu akaishika chati, akakunja uso. "Lakini saa nne presha ilikuwa nzuri. Ilishukaje ghafla hivi?"

Matroni alikuwa amesimama pale pale. Ilitosha kusema ndiyo, ilishuka ghafla. Hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Haikupimwa," Cherehani alisema. "Nilirithisha."

"Wewe?" Matroni hakuamini.

"Mimi. Nilikuwa nimekaa."

Ijumaa asubuhi matroni alimpa barua ya onyo, kisha akafungua fomu ya tathmini mbele yake na kuandika bila kuficha: hana utulivu. Kalamu ikasita.

"Kipimo nimeomba mara tano," alisema, kama anayejitetea. "Leo naomba tena, na nitaeleza yaliyomkuta yule mama."

Akaongeza mstari mmoja: abaki wodini.

Cherehani aliikunja barua yake ya onyo, akaitia mfukoni, na aibu yake akabaki nayo. Pale mlangoni akakibeba kile kiti mpaka kitanda cha sita, ambako binti wa yule mama alikuwa amesimama tangu alfajiri.

"Kaa, mdogo wangu," alimwambia, akaushika unyayo wa mama. Ulikuwa na joto. Akaenda cha saba.