Treni ya Ayalandi Gareni Kindu

Wiki hii, gareni Kindu, kwenye kituo chetu cha treni, padri mmoja kutoka Ayalandi alitandaza reli ndogo mezani, akatuonyesha mfano mdogo wa treni ya zamani ya kwao, aliouunda mwenyewe. Mama mmoja, anayengoja treni ya Kalemie akamwone mjukuu mchanga, akaweka karanga ndani ya behewa. Kwetu, mzigo ndio unaomshikia msafiri nafasi.

“Mama, hii ni ya kuchezea,” akasema padri.

“Lakini iko inatembea, Padri! Tangu vita, ya kwetu inakuja siku inapenda. Mutoto ameshaota meno.”

Treni ikazunguka meza, ikarudi. Mama akapiga vigelegele.

“Mumeona? Inajua kurudi!”

Padri akacheka mpaka machozi. Mimi, mjane wa dereva wa treni, nikaweka punje ya mahindi nyuma ya karanga yake. Mungu hachelewi, ila nafasi hushikwa mapema.