Sanduku la Papa la Kwenda kwenye Nyota

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mwenyewe kabla sijasaidiwa kulisema, maana kwetu Majengo, hapa Goma, mpaka leo kuna watu wanaonisimamisha njiani na kuniuliza, wameshika mbavu, kama Papa hajafufuka tena. Wacheke. Nimecheka nao, na ninamshukuru kila mmoja wao, hata yule seremala wa Munigi ambaye siku ile ningemkuta karibu ningemng'oa meno.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa fundi wa umeme. Alipanda nguzo za mji huu tangu ujana hadi mguu ulipomkatalia, na mguu ulipokataa akaingia chumbani, akavuta pazia, akatuambia tumwache. Sahani ikawa inarudi jikoni nusu. Nikimwambia, "Papa, toka uote jua kidogo," ananijibu, "Nitoke kuona nani?" Mimi ni fundi wa kushona, mdomo wangu una mwendo kuliko cherehani, lakini kwa swali hilo nilichukua sahani nikatoka. Nilijua ni nani anayemtaka.

Papa ana mdogo wake mmoja tu, papa mudogo wetu wa Kiwanja, mfanyabiashara wa maharage. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Siku ya kumzika mama yao kule Kiwanja, Papa alifika kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Alisema gari lilimharibikia njiani. Papa mudogo akamwonyesha benchi la wageni, mbele ya watu wote: "Kaa pale. Weye ni mugeni." Papa hakukaa. Alirudi Goma siku ileile, na tangu hapo mdogo wake hakutajwa nyumbani kwetu. Nimejaribu, Mungu ni shahidi. Nikimpigia papa mudogo simu, ananiuliza, "Ni yeye amekutuma?" Nikisema hapana, anakata. Nikimweleza Papa, anageukia ukuta. Sasa mguu ulikuwa unavimba, na mimi nikaona wazi kwamba mmoja atamzika mwenzake bila neno, na atakayebaki hatapona.

Na wawili hao walikuwa wamependana! Zamani papa mudogo alipokuwa mwanafunzi, akikaa kwetu, Jumapili baada ya misa walikuwa wanaangalia filamu moja ya vipande, ya Kifaransa, ya watu wanaohamia kwenye nyota nyingine. Safari ilikuwa ya miaka mia, basi kila msafiri alilala ndani ya sanduku jeupe lenye kioo usoni na taa ubavuni, akaamshwa wakifika. Mtaa mzima ulijaa sebuleni. Watoto tulikaa chini, na hao wawili nyuma yetu wanabishana: hewa inaingilia wapi, umeme wa taa unatoka wapi, mtu akiamka anasikia njaa ama hapana. Hawakusikilizana hata mara moja, na hakuna aliyekubali kuangalia kipande bila mwenzake.

Mwaka jana, siku moja nikimkanda mguu, Papa akauambia ukuta, "Ningepata ile sanduku. Nilale, muniamushe siku mambo iko muzuri."

"Nitakutengenezea," nikasema, kama mtu anavyomtuliza mtoto.

Papa akageuka. "Utaitengeneza namna gani? Hata urefu wake hauujui."

Haya, ugomvi ukaanza. Mimi nilisema kifuniko kilikuwa cha mviringo, yeye akasema nilikuwa mtoto na nililala kabla ya mwisho. Akaomba kalenda ya parokia, akaigeuza, akachora mgongoni mwake. Kesho yake akaomba rula. Siku iliyofuata akaomba betri ya pikipiki, nyaya na vile vitaa vidogo vya Noeli, na kwa kuwa chumbani kulikuwa na giza la pazia, akaniambia nimpe fimbo atoke uani. Atoke! Yeye mwenyewe! Hakutaka nimshike mkono, alitaka fimbo tu, lakini alitoka. Akakaa juani kwenye kiti, miwani puani, anaunganisha nyaya na kunitukana kwa kumletea koleo butu. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikamshukuru Mungu, nikarudi kubishana.

Kazi ya mbao hatukuiweza. Jumatatu nikapanda pikipiki hadi Munigi, kwa seremala niliyesikia anasifiwa.

"Nataka sanduku," nikamwambia. "Ya mutu muzima, alale ndani."

"Ni ya nani, mama?"

"Ya Papa."

Akaweka randa chini. "Pole sana, mama."

Nilikuwa nimejaa vumbi na jua lilikuwa utosini, nikaona huyu kweli ni mtu wa adabu. "Aksanti," nikasema. "Urefu mètre moja na sentimita makumi munane. Mabega yake ni mapana, usimubane."

"Sisi hatubani mutu hapa."

"Na kioo, hapa ku uso."

"Ile ya batu bakubwa," akasema, akaandika.

"Na matundu kumi na mbili ubavuni. Ya taa."

Hapo kalamu ilisimama. "Ya taa?"

"Papa ni mutu wa umeme."

Akatikisa kichwa polepole, macho yamemlegea. "Muko na heshima kwa muzee. Munaitaka lini?"

"Jumamosi. Papa hawezi kungoja zaidi."

"Hapana," akasema, "hawezi."

Sasa mnaona. Kwa seremala, sanduku la kulaza mtu ni moja tu. Na Kiswahili chetu kinampa pole aliyefiwa, kinampa pole aliyebeba mzigo, kinampa pole hata aliyekanyaga matope. Mtu huchagua mwenyewe ipi ni yake. Mimi wiki ile nilipewa pole nyingi, nikazichukua zote kuwa za uchovu.

Kwa mfano sokoni Birere, nilipokwenda kununua satini nyeupe ya kutandika ndani. Muuzaji ni mwenzangu wa shirika, ile jumuiya yetu ya sala ya mtaani. Akauliza ni ya nini, nikamjibu, "Ya ndani ya sanduku ya Papa." Mama wa watu aliacha mita ya kupimia ikaanguka. Akanikumbatia mpaka pini zilizokuwa kifuani kwangu zikamchoma, na bado hakuniachia.

"Pole, dada yangu. Sanduku inafika lini ku nyumba?"

"Jumamosi."

"Tutakuya sisi bote."

"Karibuni sana," nikasema kwa furaha. "Mukuye mapema, mumuone Papa vile atapendeza."

Yesu wangu! Nikikumbuka sura yake nasikia aibu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Jumamosi asubuhi sanduku liliteremka kutoka Munigi juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na mwenye chukudu alilishika lisirukeruke kwenye mawe kama amebeba mayai. Mimi nilitembea nyuma. Wanaume walivua kofia. Pikipiki zilipunguza mwendo. Mama mmoja alitua beseni lake la viazi, akafanya ishara ya msalaba. Nikajiambia, kumbe watu wa Goma wanathamini kazi nzuri ya mikono, na nikawapungia mkono.

Papa alilipokea kama bwana harusi. Alilizunguka kwa fimbo, akagonga mbao, akanusa rangi. Tukaliweka uani juu ya viti viwili. Nikagongomea sponji na satini, yeye akapenyeza vitaa kwenye matundu, akaunganisha betri, na ubavu wote ukaanza kuwaka: nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Papa alicheka. Sijui nilikuwa nimekaa muda gani bila kusikia kicheko hicho. Kisha akaingia chumbani akavaa koti lake la misa na shati jeupe, kwa maana, alisema, wale wasafiri hawakulala wamevaa matambara. Akapanda kwenye kigoda, akalala, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Mutu anasikia baridi ku mabega," akalalamika kutoka ndani. Kweli, satini ilikuwa imeachia upande mmoja. Nikaingia nyumbani kuchukua pini, nikazishika mdomoni kama kawaida yangu.

Ndipo nikasikia kilio mlangoni.

Nilitoka mbio. Ua ulikuwa umejaa. Wamama wote wa shirika, vitenge viunoni, wanaimba ule wimbo wa matanga wa kumsindikiza marehemu. Nyuma yao majirani na sufuria, kabichi za Kibumba, gunia la makaa. Muuza satini alikuwa mbele na machozi yanamwagika. Na mimi mdomo umejaa pini! Nilipunga mikono, nikanguruma puani, wao wakaona ni uchungu, wawili wakaja kunishika nisianguke.

Kati yao akapenya mtu mmoja mwenye vumbi la barabara ya Rutshuru hadi kwenye nyusi. Habari ilikuwa imepanda Kiwanja pamoja na magari ya maharage, na mtu akisikia msiba wa kwao hapigi simu kuuliza kama ni kweli, anakuja. Papa mudogo alikuwa amezeeka. Alienda moja kwa moja kwenye sanduku, akapiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo.

"Yaya," akasema, kama alivyomwita kaka yake tangu utoto. "Yaya, nilikosa. Ulikuya kuzika mama, nikakuita mugeni. Naambia batu eti ni weye ulikataa kusema na mimi. Ni bongo, si kweli. Ni mimi. Kila safari naleta maharage hapa Goma nafika mpaka ku kona ya hii njia, nasimama, nageuza. Miaka yote hii. Sasa nimefika, na hunisikii."

Nilikuwa nimetema pini, nimefungua mdomo kupiga kelele kwamba mzee yu mzima. Papa akafumbua jicho moja. Akanitazama mimi, si mwingine, akalifumba tena. Nikanyamaza. Mimi, nisiyejua kunyamaza, nikanyamaza.

"Sema tena," Papa akasema, macho yamefumbwa. "Ile ya ku kona sikuisikia muzuri."

Mama yangu wee! Wimbo ulikatika katikati ya neno. Walioweza kuupata mlango waliupata. Wengine waliruka ukuta wa mawe, na ule ukuta si mfupi. Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ilimwagika yote. Muuza satini hakukimbia, alikaa chini tu na kuita watakatifu mmoja mmoja. Papa mudogo naye alibaki palepale amepiga magoti. Alitazama taa zinazowaka. Alitazama kioo.

"Yaya," akasema kwa sauti ndogo, "hii ni ile ya ku televisheni?"

"Sema tena kwanza."

Akasema tena. Safari hii alisema taratibu, ana kwa ana, huku vichwa vikianza kuchungulia juu ya ukuta. Kona, maharage, benchi, mugeni, vyote alivirudia. Papa alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani sasa atamsamehe, na koo langu lilikuwa tayari kwa kigelegele. Lakini uso wa Papa haukuwa wa mtu anayesamehe.

"Gari haikuharibika," akasema.

Papa mudogo akashika ukingo wa sanduku.

"Ile siku. Nilishuka Kibumba, katikati ya njia, nikaacha gari iende. Nikakaa kando ya barabara saa na saa. Magari ilipita, batu baliniita nipande, nikasema nangoja mutu. Niliogopa. Sikutaka kumuona mama ndani ya sanduku."

Mimi nilikuwa nimekaa miaka kumi na mmoja nikipatanisha ugomvi nisioujua.

"Hata mimi niliogopa, Yaya," papa mudogo akasema. "Lakini kulikuwa lazima mutu mumoja abakie naye."

"Najua," Papa akasema. "Si sababu ya benchi nilikaa bila kurudi Kiwanja. Ni sababu weye ulibakia naye, mimi hapana."

Papa mudogo aliinuka kwa shida, akajifuta vumbi mikononi kwa koti lake. Akapitisha mkono mmoja chini ya mabega ya Papa, mwingine chini ya magoti. Papa, ambaye tangu mguu umshike hakuwa ameniruhusu hata mimi nimshike kiwiko, akamwekea mdogo wake mkono shingoni na kuacha abebwe. Nyuzi za satini zilining'inia kwenye koti lake la misa. Nilisogea kuzitoa, halafu nikaona niziache, nikashika mlango wa nyumba wapite.