Moto wa Nafuna na Maji ya Nanasi

King'ora cha asubuhi kimekwisha kulia, na Jentrix Nafuna amesimama kwenye meza ndefu ya kiwanda cha mananasi hapa Thika, kisu kidogo mkononi, tumbo likiwa limemtangulia. Mananasi yanatoka kwenye mashine yakiwa yamemenywa. Kazi yake ni kung'oa macho yaliyobaki kabla hayajakatwa vipande na kutiwa mikebeni.

Anainama, anang'oa, anasita. Anaweka kiganja kifuani na kufumba macho mpaka kile kinachopanda kishuke.

"Hiyo moto imeamka tena?" anauliza Waceke, mwenzake wa mezani.

"Imeamka, lakini leo haina nguvu," anajibu Nafuna, na kisu kinaendelea.

Ukimwona leo huwezi kujua kwamba mwezi uliopita alikuwa karibu kuacha kula kabisa. Kiungulia cha mja mzito ni maradhi yanayochekwa. Hakina homa wala kidonda cha kuonyesha watu, na kila mwanamke aliyezaa ana lake la kusema juu yake. Nafuna hakuwa na nafasi ya kucheka. Mtoto wake wa kwanza, mwaka 1955, alizaliwa bila kulia. Huyu wa pili anamtaka kwa moyo wake wote, na alijua mtoto hapati chochote kwa mama anayeogopa sahani.

Mama mkwe wake, ambaye Nafuna humwita mayi, yaani mama, kama ilivyo desturi ya kwao Kimilili, alikuja kumtunza akiwa na jibu tayari.

"Hiyo ni nywele," alisema. "Mtoto ana nywele mingi, ndiyo inakuchoma. Ukizima hiyo moto, utazaa kipara."

Hata hivyo mayi ana huruma kuliko ukali. Alipomwona mkaza mwanawe akitokwa na machozi mbele ya ugali, aliusahau upara wa mjukuu. Alichoma maganda ya maharagwe, akayachuja majivu yake kwa maji, akapata munyu, yale maji makali ambayo kwao hulainishia mboga za majani. Kwenye sufuria hutiwa kidogo tu. Nafuna alipewa kikombe kizima.

"Dawa ya moto ni moto," mayi alimwambia. "Kunywa."

Munyu ulituliza. Ulipoacha kutuliza, aliomba uchujwe mkali zaidi, na baada ya siku chache koo likawa kama limekwanguliwa. Mchana, kiwandani, alikwepa ugali na kula mioyo ya mananasi inayotupwa kando, kwa sababu ni baridi, ni tamu, inateremka bila ugomvi. Isitoshe, akina mama wakongwe wa pale huapa kwamba nanasi husaga chakula. Basi ikawa nanasi mchana na munyu jioni. Tumbo lilikua, lakini yeye alikuwa anakwisha.

Waceke ndiye aliyemsukuma. Yeye mwenyewe hana muda wa kupoteza, maana kila jioni lazima awe kijijini kwao kabla ya lango kufungwa kwa amri ya serikali ya hali ya hatari. "Ai, Nafuna! Mficha uchi hazai," alimwambia. "Enda uone mkunga."

Jumamosi alipanda gari moshi hadi Ruiru, ambako mumewe, Dismas, ni kibarua katika shamba la kahawa. Karibu na shamba kuna zahanati ndogo ya mkunga Ndunge, mama wa Kikamba asiyependa maneno mengi. Ndunge alimpima, akatazama miguu kama imevimba, kisha akasema, "Nionyeshe mikono."

Nafuna alishangaa. Ugonjwa ulikuwa kifuani. Lakini aliinyoosha, vidole vimechubuka ncha zote.

"Nani amekula hii vidole?"

"Maji ya nanasi, sista. Sisi wote tuko hivyo."

"Na hayo maji yanayokula ngozi, ndiyo unamwagia koo yenye inaungua?"

Nafuna anasema alivitazama vidole vyake, halafu akacheka, mara ya kwanza katika wiki nyingi. Alikuwa amefunga vidole vitambaa kuyakimbia maji yale yale aliyokuwa akiyala kwa hamu.

Ndunge hakumdharau mayi. "Munyu kwa mboga, sawa. Kwa kikombe, hapana. Hakuna mtu anajua ukali yake." Alimwambia ale kidogo kidogo mara nyingi, apunguze mafuta na chai kali, asilale akiwa ametoka tu kula. Akilala, alalie ubavu wa kushoto, kichwani pa kitanda pakiwa juu. Alimpa na dawa nyeupe ya kijiko, aliyoipima mwenyewe. Mwisho alikaza sauti. "Ukiumwa na kichwa sana, macho ikiona ukungu, uso ikivimba, ama maumivu ikae hapa juu chini ya mbavu, usiseme ni kiungulia. Kuja mbio."

Jioni hiyo Dismas aliweka mawe chini ya miguu ya kitanda chake upande wa kichwani, na usiku wa kwanza wote wawili waliteleza mpaka chini. Tangu hapo Nafuna amekuwa mpelelezi wa tumbo lake. Uji wa wimbi unakaa vizuri. Viazi vitamu vinakaa vizuri, maharagwe yanagomba. Kuinama sana mezani kunaamsha moto, kwa hiyo amepata kreti ya kuinulia mananasi yake. Moto haujaisha, na Ndunge hakuahidi kwamba utaisha kabla ya kuzaa. Lakini Nafuna anakula, na mtoto anapiga teke.

Mwisho wa mwezi ataacha kazi na kuhamia Ruiru, awe karibu na mkunga. Mayi atakwenda naye. Ameuacha munyu sufuriani, lakini la nywele hajaliacha, na anasema atakichunguza kile kichwa mwenyewe.

Nafuna anafuta kisu kwenye aproni Waceke anapomuuliza yeye anangojea nini, nywele au kipara.

"Akuje nayo, akuje bila," anasema. "Mimi nataka nisikie akilia."