Mkono wa Sita kwenye Sinia la Bibi

Chekeni tu, maana aibu hii nimeibeba tangu mwaka ule Waingereza na Wajerumani walipoanza vita vyao, na ndugu zangu hawajanipa ruhusa ya kuitua.

Bibi yetu wa Pate alikuwa na kanuni yake: kila mwezi ukiandama, Jumamosi ya kwanza, ukoo mzima tukale kwake, wana, wajukuu na vitukuu. Macho yalikuwa yamemwisha, kwa hiyo sinia likishatengwa alituhesabu kwa kupapasa mikono, na aliyekosa mara mbili bila ugonjwa, mahali pake pale siniani alipewa mwingine. Mimi nilishakosa mara moja. Lakini mimi ni mtu wa baraza yangu na mto wangu (mashua ya kuvukia Mtangawanda, bandari ya Pate, hunitapisha ingali imefungwa), basi nikamtuma binamu yangu Shee: "Mwambie Bibi nina homa."

Jumamosi hiyo nimejilaza hapa kisiwani Amu natafuna tende, nikasikia hodi, kuchungulia: Bibi, Shee, watu arubaini, masufuria, na mbuzi wawili!

"Mgonjwa haendi kwa watu," Bibi akasema. "Watu huja kwa mgonjwa."

Nikakimbilia shuka, nikajifunika gubigubi. Wakanisomea Yasini (na mimi mzima kama punda), shangazi wa Kipungani akaninywesha mwarubaini, kisha uji usio chumvi. Halafu pilau ikaiva. Bibi, kwa huruma, akaamuru nilazwe mkekani ubavuni mwa sinia lake, nisijione mpweke.

Harufu ile, jamani! Nikatoa mkono chini ya shuka, polepole, nikachopoa pande moja la nyama, hakuna aliyeona. Ningekoma hapo leo ningekuwa na heshima zangu. Nikarudia la pili, na Bibi ndiyo kwanza anapapasa.

"Hapa tu wangapi?"

"Watano, Bibi."

"Mbona mikono sita?"

Akaudaka, akaupapasa kucha hadi kiganja. "Huu wa Athumani. Na mafuta haya si jasho la homa."

Nyumba ikaangua kicheko, Shee akakalia bakuli la achari.

"Bibi," nikalia, "usimpe mtu mahali pangu!"

"Simpi mtu, mwanangu," akasema, mkono hajauachia. "Ila ikiwa ndia ya Pate yakutia homa, kila mwezi tutakuya huku. Na mbuzi wa karamu utatoa wewe."

Wanakuja hadi leo (sasa wamefika sitini) na barazani sina pa kuweka mto. Nimeapa: siku Bibi atakaporudisha karamu Pate, nikiikosa mashua, nitaogelea.