Marahaba Ndani ya Boksi

Mfilipino alipokuja Bagamoyo, mtaa wetu mzima wa Dunda ulimwita Mchina, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza kwao ni wapi. Hakuudhika. Alikuwa mwanamke mfupi, mchekaji, na alinitafuta mimi kwa sababu niliwahi kukaa mapokezi ya hoteli na Kiingereza changu kilikuwa bado kina uhai. Alitaka mkalimani. Nilipomuuliza kazi yake akasema ni msanii, nikangoja aniambie kama anachora au anachonga. Akasema anakusanya sauti.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Kumbe nilimsikia sawasawa. Mama yake alifanya kazi za ndani Uarabuni miaka mingi, na badala ya barua alikuwa akiwatumia watoto kaseti, nyumba nzima ikae kuizunguka redio kumsikiliza. Kaseti moja ina mahali mama amekohoa, na bibi yao alikuwa akirudisha nyuma papo hapo kila mara, asikilize kama ni mafua tu au kuna zaidi. Sasa yeye alitaka kitu hicho kutoka upande wa pili: sisi tuliobaki tuseme na walioondoka. Kila sauti itatiwa ndani ya boksi la kadibodi lililozungushwa selotepu, kama yale yanayokuja kutoka Maskati yakiwa yamejaa mablanketi na maziwa ya unga, na watu waje wainame wasikilize.

Kazi ilikuwa tamu, ila ilimtesa. Tulizunguka Dunda, tukaenda Mbegani, tukafika Zinga, na kila aliyeshikishwa kinasa sauti alisalimia. Hujambo, hapo hawajambo, vipi joto la huko, sisi hatujambo, baba yako hajambo, mguu wake nao haujambo, jirani anakusalimu, mkewe pia anakusalimu. Haya, ni hayo tu. Msanii ananigeukia: kasemaje? Nasema kasalimia. Muda wote huo? Wote. Siku moja akaniuliza kwa adabu kama ningeweza kuwaomba waruke salamu waende kwenye jambo lenyewe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia hilo ndilo jambo lenyewe.

Nyumbani kwangu alizoea haraka. Mama, ambaye naishi naye na ambaye si mwepesi wa kupenda watu, alimpenda kwa ajili ya mihogo. Mgeni alikuna mihogo yetu, akaichanganya na tui na sukari, akaipalia makaa juu na chini, akasema kwao wanakula hivi. Mama akasema sukari imezidi, kisha akaongeza kipande. Ndipo mgeni akamwomba naye aseme kidogo kwenye kinasa sauti. Mimi nikainamisha kichwa, maana nilijua anayetakiwa kusemeshwa ni nani.

Mdogo wangu yuko Maskati, naye kwa kazi za ndani. Aliondoka akimwambia mama anakwenda Dar kwenye harusi. Habari ya safari mama aliipata kwa jirani, na hilo lilimuuma kuliko safari yenyewe. Mdogo wangu alipofika huko akapiga simu, nami nikaiweka spika. Akasema, "Shikamoo, mama." Mama akajifunga kanga yake vizuri, akatoka uani.

Kwetu watu wanaweza kutukanana asubuhi wakapatana jioni, lakini shikamoo isiyoitikiwa ni jambo jingine. Ramadhani mbili zilipita na mdogo wangu hakuthubutu kupiga tena. Aliniandikia mimi, swali lile lile, kama mama amelegea. Mama hakulegea, nami nilichoka kukaa katikati yao. Mama ana presha. Niliogopa, tena niliogopa sana, kwamba Mungu angemchukua kabla hawajasemezana.

Kwa hiyo nilishangaa alipokubali. Alikaa kwenye kiti uani, akajitanda vizuri kana kwamba anapigwa picha, akakitazama kile kinasa bila kupepesa. Msanii akabonyeza. Mama akasema:

"Marahaba."

Tukangoja. Kuku alitetea huko nyuma, bodaboda ikapita, na mama hakuongeza kitu. Kisha akanyanyuka, akasema alasiri imeingia, akaenda kutawadha.

Mfilipino alinionea huruma. Shikamoo na marahaba alikuwa ameshajifunza, na alijua kipi hutangulia. Akasema mama ameanzia mwisho, ameitikia bila kuamkiwa, pengine mashine imemtisha, tutarudia kesho. Nilikuwa nalia, na mimi silii ovyo. Nikamwambia hakutishwa na mashine. Ameamkiwa zamani, ndiyo kwanza anaitikia. Nilipomweleza yote alikaa chini kwenye kizingiti, akasema hatakata hata sauti ya yule kuku.

Maonyesho yalifanyika kwenye ghala moja la zamani hapo hapo mjini. Vijana walikuja kwa wingi kujipiga picha na maboksi. Kwenye boksi la mama wengi waliinama, wakasikia neno moja na kuku, wakadhani waya umekatika. Wanawake wa rika la mama hawakudhani hivyo. Mmoja aliinama, akainuka, akaniuliza mtoto yuko wapi. Mama mwenyewe alikataa kwenda, akasema ana sauti yake nyumbani, haja gani kuifuata ghalani.

Msanii alinipa ile sauti kwenye simu, nami nikamtumia mdogo wangu bila kuandika neno. Alipiga Ijumaa, siku yake ya kupumzika, mama akiwa anachagua mchele. Nilimnyooshea simu nikiwa nimejiandaa kumwona akijifunga kanga. Akafuta mikono, akaipokea.

"Mama," mdogo wangu alisema. "Nimeisikia."

"Ile umeisikia kwenye boksi," mama akasema. "Sema tena, nikuitikie mwenyewe."

Akasema, na mama akamwitikia.